Mkono Wangu na Jina la Sista Prisila

Haya, mmenibana mpaka nimekubali kusema, lakini mkicheka mcheke pole pole, maana mwenye aibu hii bado yuko hai na ndiye anayewamiminia chai. Mke wangu anaijua nusu. Kanisani hawaijui kabisa, wanaona ncha tu ya kovu hili kwenye mkono wa shati, wanadhani ni la moto, na mimi sijawahi kuwasahihisha. Jambo lenyewe ni kwamba mimi, dresa wa serikali, mtu aliyepewa kazi ya kufundisha watu kuosha vidonda, nusura nikatwe mkono kwa kidonda nilichojitia mwenyewe, nikaanikwa mbele ya akina mama wote wa samaki pale Luanda Kotieno, na chifu wao akiwa ameketi kwenye kiti cha mbele, mchana kweupe.

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilifanya kazi katika zahanati ndogo karibu na ufuo huo (jina la zahanati nitaliacha, haikunikosea kitu). Tulikuwa watu wawili tu, mimi wa kuosha na kufunga vidonda, na juu yangu Sista Prisila, muuguzi mkuu, mwenye ufunguo wa kabati la dawa na mwenye kuchoma sindano zote. Msichana wa huko Maseno, mrefu, hana maneno mengi, akitembea unasikia viatu vyake tu na unajua uache upuuzi. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza. Sikumwambia. Ningemwambiaje mtu ambaye kila asubuhi ananikagua kucha?

Basi Jumamosi moja nilikuwa Kisumu kutembea, nikampitia rafiki yangu Njoroge, Mkikuyu aliyekuwa fundi wa kuandika majina ya maduka na malori, mkono wake ni mzuri ajabu. Siku hizo alikuwa ameanza pia kuchora watu ngozi, kazi aliyojifunza kwa baharia mmoja, kwa sindano tatu zilizofungwa na uzi kwenye kijiti, na wino mweusi. Nilimkuta amemaliza kumchorea kuli wa bandarini kichwa cha simba kifuani. Nikakiangalia kile kichwa cha simba, nikaona mwanaume ni yule. Sijui ni shetani gani alinishika. Nikavua saa, nikamnyooshea mkono wa kushoto, hapa ndani chini ya kiwiko, nikamwambia aandike PRISILA, kwa herufi zile zake zenye kivuli kama za bango la duka.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wenyewe, na ulikuwa ujinga mdogo sana. Njoroge alichukua zile sindano, akaanza kutia maji kwenye sufuria.

"Ngoja kwanza nichemshe hizi," akasema. "Nusu saa haiishi."

Mimi nikaangalia saa. Basi langu lilikuwa la saa nane, na ilikuwa imebaki saa moja na kidogo. "Njoroge, unamfundisha nani kuchemsha? Mimi ni dresa. Pangusa tu na spiriti tuanze."

"Spiriti sina. Niko na tapentaini."

"Basi hiyo."

Akaniangalia, akainua mabega, akazipangusa na kitambaa kilekile alichokuwa akifutia brashi za rangi. Na mimi, niliyeandika kwa mkono wangu kwenye ubao wa zahanati kwamba sindano ichemke dakika ishirini kamili, nikakaa nikakaza meno. (Mnaniangalia hivyo kwa nini? Nimewaambia nilikuwa na miaka ishirini na minne.)

Alipomaliza jina lilipendeza, wallahi. Akaniambia nisiliguse, niende nikalioshe na sabuni na maji yaliyochemshwa, niliache lipate hewa. Nikasema ndiyo, ndiyo, nikateremsha mkono wa shati juu ya ile damu nikakimbilia basi, na barabara yote ile vumbi lilikuwa linaingia kwa dirisha kama unga. Nilipofika shati lilikuwa limegandia kwenye ngozi. Nikalibandua. Kesho yake, Jumapili, nikaenda kuoga ziwani kama kawaida yangu, pale pale wanapooshea samaki na ng'ombe wanapokunywa maji.

Jumatatu mkono uliamka umevimba. Herufi zilikuwa zimenenepa, zinang'aa, na ukiweka kiganja juu unasikia joto kama la chungu. Nikajiambia ni kawaida, ngozi imekasirika kidogo, itatulia. Mgonjwa akiniletea mkono kama ule ningempeleka kwa Sista kabla hajaketi. Lakini huu ulikuwa na jina, na jina ni la Sista. Nilijipaka ile dawa ya zambarau, nikaufunga bendeji ya kukaza, nikakaza sana ili uvimbe usionekane, na kwa kuwa sare yetu ilikuwa na mikono mifupi, nikavaa sweta juu. Sweta, Luanda Kotieno, jua la mwezi wa pili!

Sista Prisila aliniangalia mara moja tu. "Una nini?"

"Malaria, Sista. Nasikia baridi."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ukazaa balaa papo hapo, kwa sababu yeye si mtu wa kukuambia pole halafu akaendelea na shughuli zake. Alifungua kabati akanipa klorokwini, vidonge vinne, akasimama mbele yangu mpaka nimemeza. Sasa wale wanaoijua dawa ile wanajua inavyowasha watu wengine. Mimi ni mmoja wao. Kufika saa sita nilikuwa najikuna mwili mzima kama mbwa, nimevaa sweta, mkono unapiga tuk, tuk, tuk ndani ya bendeji, na mbele yangu kuna foleni ya watoto wa kuoshwa vidonda. Na mimi ninawaambia mama zao, kwa sauti ileile ya ukali, "Kidonda kikivimba mlete siku hiyohiyo, msingoje."

Jumatano ukaanza kutoa usaha. Nilifungulia bendeji chooni, mlango nimeushikilia na mguu. Ile P ilikuwa imefunguka kama mdomo. Nikaiosha na maji ya chumvi, nikaiba vidonge viwili vya salfa (viwili tu, kwa sababu Sista alikuwa anajua hesabu ya kila kopo), nikafunga tena. Nilijua vidonge viwili si dawa. Nilijua kila kitu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuna hatua hata moja niliyoifanya kwa kutojua.

Alhamisi asubuhi nikaona mstari. Mstari mwekundu, mwembamba, umetoka kwenye kidonda umepanda kwa ndani ya mkono umepita kiwiko, na kwapani kuna uvimbe kama yai la njiwa. Mstari ule tulifundishwa chuoni. Mwalimu aliuchora ubaoni kwa chaki nyekundu, akasema mkiuona huo msiende hata kunywa chai, tafuteni daktari. Nilikaa juu ya kitanda changu nikauangalia. Nikawaza nimwendee Sista nimwambie. Nikafika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa anaandika kwenye daftari, akauliza bila kuinua kichwa, "Ndiyo?" Nami nikasema, "Hamna kitu, Sista, nilitaka kujua kesho tunaondoka saa ngapi."

Maana Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mafunzo ufuoni. Bwana afya wa wilaya alikuwa anakuja na Land Rover yake, chifu ameita watu, na mimi ndiye niliyepangiwa kusema. Na mada yenyewe (hapa ndipo mnaweza kucheka) ilikuwa sindano zisizochemshwa, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akizunguka na baiskeli kwenye fuo zile akichoma watu wote sindano moja.

Tulifika asubuhi samaki wakiwa wameshashushwa. Akina mama walikuwa wameketi juu ya mchanga na karai zao kando, labda mia moja, labda zaidi, na wavuvi wamesimama nyuma. Mezani mbele yangu kuna jiko, sufuria, beseni, sabuni. Mimi naliona ziwa lote linainama upande mmoja halafu linarudi. Nilikuwa na homa ya kweli sasa, si ile ya uongo, na meno yalikuwa yanagongana ndani ya sweta.

Nikaanza vizuri tu. Nikasema habari ya maji kuchemka, dakika ishirini, wakaitikia. Kisha Sista Prisila, aliyesimama kando yangu na birika, akaninong'oneza, "Sasa nawa. Waonyeshe mpaka kwenye kiwiko."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kwamba somo lile linaanza na kunawa.

Nikapandisha mkono wa kulia. Nikanawa ule mmoja, nikaupaka sabuni, nikausugua kwenye paja la suruali kama kichaa.

"Na ule wa pili?" akauliza mama mmoja mbele. Jina lake Mama Yunia, mchoma samaki, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mashua. Juma moja kabla nilikuwa nimemgombeza mbele ya watu kwa kumwekea mjukuu wake ugoro kwenye kidonda, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kunisamehe. "Dresa, huu wa pili hauna wadudu?"

Watu wakacheka. Chifu naye akatabasamu. Bwana afya akasema, "Vua sweta, kijana, joto lote hili."

"Niko sawa, Bwana."

"Vua."

Nikashika sweta kwa mkono mzuri nikavuta juu, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka hautoki, na nilipolazimisha, maumivu yalinipiga kutoka kwenye vidole mpaka sikioni, nikaona weupe, na kitu kinachofuata ninachokikumbuka ni mchanga mdomoni na harufu ya samaki. Nilikuwa nimeanguka na meza. Beseni lilikuwa limenimwagikia.

Mama Yunia ndiye aliyenifikia kwanza. Alikuwa na kisu chake cha kupasulia samaki, na nashukuru alielekeza mgongo wa kisu kwenye ngozi yangu, akaingiza ndani ya mkono wa sweta akachana mpaka begani, kisha akafungua bendeji. Harufu ikatoka. Nilisikia watu wakirudi nyuma. Lakini yeye hakurudi nyuma, aliinama akaangalia, na sasa niwaambie kwamba mwaka ule mama yule alikuwa ameanza kwenda ngumbaru, shule ya watu wazima, na mtu aliyejifunza kusoma juzi hawezi kuona herufi akaziacha.

"P na R," akasema, kidole kikifuata. "Pra, pre, pri. Pri. Halafu... si. La." Kidole kikarudi mwanzo, akaunganisha. Kisha kwa ile sauti ya kuita mashua, "Pri-si-la! Yawa! Si hii ni jina ya Sista?"

Ufuo wote ulipasuka. Mimi nimelala chali, nimelowa, naona vinywa tu vimefunguka juu yangu dhidi ya jua, chifu ameshika tumbo, wavuvi wanaitana waje wasome, na watu wasiojua kusoma wanaambiwa na wanaojua. Nikafumba macho nikaomba nife. Nawaambia kweli, niliomba nife, na sikujua kwamba nilikuwa nimekaribia.

Kicheko kilikatika chenyewe. Mama Yunia alikuwa amegeuza mkono wangu akaona ule mstari, ambao sasa ulikuwa umeingia kwapani. Akasema kwa sauti ya chini, "Nyathina. Mtoto wangu. Huu mkono unakufa."

Sista Prisila akapiga magoti. Hakusoma jina, au kama alilisoma sikuona. Aliweka vidole viwili kwapani mwangu, nikalia.

"Mstari ulitokea lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi," akarudia. "Ulipokuja mlangoni kwangu."

Nikageuza uso.

"Inueni mkono wake juu, usishuke," akawaambia wavuvi. "Bwana afya, tunahitaji gari sasa hivi."

Walinipitisha kwanza zahanati, akanilaza juu ya meza ileile ninayolazia watoto, akachemsha kisu dakika ishirini huku mimi natetemeka na bwana afya anatembea huku na huku akiangalia saa. Hakupunguza hata dakika moja. Kisha akapasua. Usaha uliotoka sitawaeleza, mnakula. Akaosha, akaacha wazi na kitambaa safi chepesi juu, akanichoma penisilini, akanichoma ya pepopunda, hakusema neno hata moja lisilo la kazi. Bendeji yangu ya kukaza aliishika na koleo akaitupa motoni.

Hospitali ya Kisumu daktari mzee alichukua kalamu ya biro akachora mstari begani kwangu, mahali wekundu ulipofikia. "Wekundu ukiteremka, utabaki na mkono," akasema. "Ukipita hapa na kuendelea, tutazungumza habari nyingine." Habari nyingine niliijua. Nililala nimegeuza shingo nikiangalia ile alama ya biro. Sindano kila saa sita, mkono umening'inizwa kwenye mti wa kutundikia chupa za maji ya mishipa, na kila muuguzi anayepita namwuliza, umepita? Kesho yake mchana wekundu ulikuwa umepita alama kwa upana wa kidole. Nililia mbele ya wodi nzima. Siku iliyofuata ulikuwa mahali palepale. Ya tatu, yule daktari alivaa miwani, akainama, akagonga alama yake na kucha, akasema, "Umeanza kurudi." Nikamshika mkono nikashindwa kuuachia.

Niliporudi kazini baada ya wiki tatu, Sista Prisila alikuwa anapanga chupa. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba nzima ya msamaha. Akanikata.

"Nina mchumba, ni mwalimu, tunaoana Desemba. Hilo limekwisha." Akapanga chupa nyingine. "Jina halikunikasirisha. Watu wameandika mambo ya kijinga zaidi. Lakini siku tano ulikuwa unaoza kwenye chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi, na mimi nina dawa mkononi. Ungekufa, ningekaaje na hilo?"

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta chupa.

"Sitaandika barua kwa wakubwa," akasema. "Lakini utarudi ufuoni. Utasimama palepale, utavua shati, utawaambia yote. Wewe mwenyewe."

Nilirudi. Hamtaamini, kusimama pale kulikuwa kugumu kuliko kisu. Walianza kucheka kabla sijafungua mdomo, kuna mvuvi aliyeimba lile jina. Nikavua shati. Nikainua mkono, nikawaonyesha palipokuwa na jina, maana herufi tatu za kwanza zilikuwa zimekwisha kuliwa, kumebaki shimo lenye ngozi ya waridi na ile SILA iliyopindapinda. Nikawaambia habari ya tapentaini, na basi la saa nane, na kuoga ziwani, na bendeji ya kukaza, na malaria ya uongo. Nikawaambia ngozi ilipoanza kuwa moto, kama ningekwenda siku ileile ningepona kwa sabuni na sindano chache. Nikawaambia habari ya alama ya biro. Hapo ndipo kicheko kilipoisha. Nimefundisha watu miaka thelathini baada ya hapo, na hakuna siku nyingine niliyosikilizwa kama siku ile. Mama Yunia alikuwa mbele, mkono shavuni.

Kesho yake asubuhi nilipofungua mlango wa zahanati, watu saba walikuwa wameketi kwenye benchi, wavuvi wakubwa wakubwa, kila mmoja amefunika kitu kwa kitambaa. Mmoja alikuwa na ndoana iliyomchoma kiganja wiki mbili zilizopita na hakumwambia hata mkewe. Sista Prisila akawaangalia, akaniangalia, akanipa beseni.

"Anza na huyu," akasema.

Basi, mmesikia. Mimi tangu mwaka ule nikimpenda mtu namwambia kwa mdomo, ndivyo nilivyompata huyu aliye jikoni, na nikiumia hata kwa mwiba naonyesha siku hiyohiyo, aniangalie nani, acheke nani. Sindano ya kuchora haitanigusa tena mpaka wanizike, na hata siku hiyo wakitaka kuniandika jina, waliandike kwenye sanduku.